Niliandika shingo ni ya kawaida

Bibi alikuja mara tatu kabla sijamshika shingo.

Mara ya kwanza alisema chembe cha moyo kinamuuma na akila matonge mawili tu anashiba. Nikampa vidonge vya magneziamu vya kutafuna. Wiki tatu baadaye akarudi, nikampa dawa za vidonda vya tumbo za wiki mbili na kumwambia apunguze pilipili. Akaitika, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye pilipili haijawahi kumsumbua maishani. Mara ya tatu alikuwa amekonda, gauni linamcheza mabegani, nami nikamwongezea omeprazo kwa sababu foleni nje ilikuwa imefika chini ya mwembe na saa sita ilikuwa imeshapita.

Mara zote tatu nililijaza daftari lake vizuri. Sisi matabibu tuna mpangilio wetu: malalamiko, historia, kisha uchunguzi wa mwili kuanzia kichwani kushuka chini. Pale kwenye kichwa na shingo niliweka herufi tatu, NAD, ambazo kwetu maana yake ni kwamba umeangalia na hukuona kibaya. Mwandiko wangu ni mzuri. Mkaguzi yeyote angeipenda kurasa ile.

Mara ya nne ilikuwa mwezi wa kumi na moja, joto lile linalotangulia mvua huku kanda ya ziwa. Bibi alikaa, akajipepea, akaishusha kanga aliyojitanda mabegani. Wakati huohuo aliingia mzee wetu wa kituo, daktari msaidizi aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu, kuazima kipima presha. Akamsalimia bibi kwa shikamoo kabla ya kunisemesha mimi, wakaanza kuulizana ukoo kwa Kisukuma. Nikaona mzee ameacha kusikiliza majibu. Anatazama chini ya shingo.

"Mama, utaniruhusu nikushike hapa kidogo?"

Akazunguka nyuma ya kiti. Vidole viwili vikatua juu ya mtulinga wa kushoto, kwenye lile bonde ambalo ukikonda linakuwa shimo. Vikakaa palepale, vikazunguka polepole. Kisha akanishika mkono akauweka pale. Sikuhitaji kutafuta. Ilikuwa punje ngumu, saizi ya mbegu ya ubuyu, imejibana chini kama imegandishwa kwa gundi. Niliisukuma kulia, haikuenda. Nikaisukuma juu, haikuenda. Bibi hakukunja uso, kwa maana haikumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia ubaridi tumboni.

Mzee hakunisema mbele ya mgonjwa. Alingoja bibi ametoka kwenda kuandikiwa rufaa, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye zile herufi tatu.

"Hii shingo aliishika nani?"

Sikujibu. Naye hakungoja jibu, akachukua kipima presha akaondoka.

Kwa asiye wa fani hii, nieleze kwa nini tumbo la mtu lisomewe shingoni. Maji ya limfu, yale yanayotoka kwenye nyama za mwili na kuchujwa na tezi ndogondogo, ya karibu mwili mzima, yakiwemo ya tumboni, hukusanywa na mfereji mmoja mkuu unaopanda kifuani na kumwaga kwenye mshipa wa damu ulio chini ya shingo upande wa kushoto. Saratani ya tumbo ikianza kusafiri hupanda na mfereji huo, na mara nyingine hujionyesha kwenye tezi iliyo mlangoni pake kabla haijajionyesha kokote kwingine. Mjerumani Rudolf Virchow aliieleza tezi hiyo mwaka 1848, na hadi leo tunaiita kwa jina lake. Upande wa kulia husemea zaidi kifua: mapafu na umio. Nilikuwa nayajua haya yote. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama zangu kamili.

Bibi alipelekwa hospitali ya rufaa, akaingizwa mpira wenye kamera tumboni, akachukuliwa kinyama. Majibu yalikuwa kama mzee alivyohofia. Alifariki baada ya miezi minne hivi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeishika shingo siku ya kwanza angepona, na nikiwa mkweli jibu ni hapana. Tezi ile ikishatokeza, ugonjwa umeshatawanyika. Lakini angepata morfini ya maji mapema, asingepoteza nauli za bodaboda mara tatu kuja kuchukua dawa zisizomhusu, na wanawe wangekaa naye wakijua. Walijua ikiwa imebaki miezi michache, baada ya kuuza ng'ombe wawili wakihangaika na vidonda vya tumbo ambavyo hakuwa navyo.

Chuoni tulifundishwa kwa kushikana wenyewe kwa wenyewe. Tulikuwa tumekaa wawili wawili, mmoja kwenye kiti, mwingine nyuma yake, na mwalimu anapita kati na fimbo ya kuonyeshea. Unaanza mbele ya sikio. Unahamia nyuma ya sikio, kisha kisogoni, halafu unarudi pembe ya taya, chini ya taya, chini ya kidevu. Kutoka hapo unashuka na ule msuli mkubwa wa shingo, mbele yake na nyuma yake, hadi juu ya mtulinga. Unatumia nyama ya ncha za vidole, cha shahada na cha kati, si kucha, na huchimbi. Unazungusha ngozi juu ya kilicho chini. Ukibonyeza sana tezi ndogo hukimbia na hutaiona tena.

Siku ile mwenzangu mmoja, kijana mwenye nguvu za kubeba magunia, alikandamiza pande zote mbili za shingo kwa mpigo ili amalize haraka. Aliyekuwa kwenye kiti akasema, "Oya, naona giza," akaanza kuteleza. Mwalimu alimdaka. Tangu hapo darasa zima lilijua, bila kusoma popote, kwamba mishipa miwili inayopeleka damu kichwani haibanwi kwa pamoja.

Kilichotutesa ni maneno. Kwenye ripoti unatakiwa useme tezi iko wapi, ina ukubwa gani, laini au ngumu, inauma au haiumi, inatembea au imeshika, iko peke yake au zimegandana. Neno "gumu" kila mtu ana lake. Mwalimu akatupa kipimo ambacho ninacho hadi leo: shika mdomo wako, hiyo ni laini, shika ncha ya pua, hiyo ni ya kati, shika paji la uso, hiyo ni ngumu. Baadaye kazini nikaongeza changu. Tezi za limfoma, saratani ya tezi zenyewe, zina unyumbufu wake, si laini na si jiwe. Ukizibonyeza ni kama kubonyeza soli ya kandambili mpya.

Na neno "tezi" lenyewe ni balaa. Nilimwambia mzee mmoja mvuvi, "Baba, naona una tezi imevimba." Akasimama kabisa. "Mimi mkojo wangu hauna shida yoyote, dokta!" Mkewe akainamisha uso akicheka. Nilikuwa nazungumzia shingo, yeye akasikia tezi dume. Mwingine ukimwambia tezi ya shingo anawaza rovu, ule uvimbe wa mbele ya shingo. Siku hizi nasema mitoki, hata kama wengi wanaijua kwa ile ya kwenye kinena mtu akiwa na kidonda mguuni. Namwambia ni ndugu yake, ila huyu anakaa shingoni.

Baada ya bibi nilipatwa na ugonjwa wa kuona tezi kila mahali. Mtu akija na fangasi za vidole vya miguu, namshika shingo. Nilimpa rufaa baba mmoja mwenye "tezi ngumu iliyoshika" juu ya koo upande wa kulia. Akasafiri, akapanga foleni, akarudi na barua fupi yenye adabu nyingi: ile ilikuwa pembe ya kimfupa kidogo kilicho chini ya ulimi, ambacho kila binadamu anacho. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akanionyesha kwa shingo yake mwenyewe: meza mate, ona kinavyopanda na kushuka, sasa shika upande wa pili, ona pacha wake. Pande mbili zikifanana, punguza hofu. Akaongeza jingine ambalo sikumbuki kulisikia chuoni: tezi unaweza kuiviringisha juu na chini, kulia na kushoto, lakini msuli na mshipa vitakubali upande mmoja tu.

Shingo nyingi zenye punje hazina habari mbaya. Watoto wetu huku karibu wote wana vitezi vidogo kama choroko au kunde, vinateleza, haviumi, vimebaki baada ya mafua ya juzi. Mama mmoja aliniletea binti wa miaka sita mwenye punje tatu kisogoni. Alikuwa hajalala usiku mzima, jirani amemwambia ni kansa. Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa vizuri sana, mistari imenyooka, mafuta yanang'aa. Nikamwambia mama tutafumua. Hakupenda, maana alikuwa amelipia msusi jana yake. Tulifumua mistari minne tu tukakutana na jibu: mapunye, duara mbili zenye magamba, nywele zimekatika kama zimetafunwa. Tezi za kisogoni kazi yake ni kupokea maji ya ngozi ya kichwa, kwa hiyo kichwa kikiwasha nazo zinavimba. Mtoto alihitaji vidonge vya griziofulvini kwa wiki kadhaa, kwa sababu fangasi wa mapunye hukaa ndani ya unywele na krimu ya kupaka haimfikii. Mama aliondoka amefurahi na amekasirika kwa wakati mmoja.

Si wote wanaotoka wamefurahi. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, aliyevaa skafu ya timu yake mpaka mchana wa jua kali. Alipoivua, upande wa kulia wa shingo ulikuwa na uvimbe kama ngumi ya mtoto, na juu yake chale tisa. Nilizihesabu. Tatu zilikuwa za zamani, sita mbichi. Chini ya uvimbe kulikuwa na tundu linalotoa maji ya njano: mtu fulani alidhani ni jipu akalipasua kwa wembe. Nilipomshika, tezi tatu au nne zilikuwa zimegandana kama ndizi za kichane kimoja, unasukuma moja zinakuja zote. Ngozi haikuwa ya moto. Hakuwa na kikohozi. Akaniambia hayo yapo tangu kabla ya Pasaka, na tulikuwa tunaelekea Idi.

TB ya tezi inafanana hivyo. Inakuja polepole, haiumi sana, haina joto la jipu, na ukiipasua inageuka kidonda kisichofunga. Kijana alishangaa, "TB bila kukohoa?" Nikamwambia ndiyo. Alivutwa maji kwa sindano, sampuli ikaenda kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, ya hospitali ya wilaya, akapimwa na VVU kama tunavyompima kila mwenye TB. VVU hakuwa nayo. Akaanza dawa za miezi sita.

Kilichonifundisha zaidi kilikuja mwezi wa pili wa dawa. Alirudi akiwa na hasira, tezi zimekuwa kubwa kuliko mwanzo na nyingine mpya imejitokeza chini ya taya. "Dawa zenu zinaninenepesha uvimbe." Alikuwa ameshaamua kuacha. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba hilo hutokea: kinga ya mwili inapoamka hupigana na mabaki ya vimelea na tezi huvimba ingawa dawa inafanya kazi. Nilirudi kwenye kumbukumbu nikaona dozi hajakosa, uzito umeongezeka kilo nne, jasho la usiku limekwisha. Nikampigia mratibu wa TB wa wilaya mbele yake, simu ikiwa kwenye spika, ili asikie kwa mtu mwingine. Akaendelea. Lile kovu bado analo, na skafu bado anavaa, lakini sasa anasema ni kwa ajili ya timu.

Kuna mwanamke sitamwelezea sana. Alikuja kwa maumivu ya koo, amejifunga mtandio. Nilizunguka nyuma yake kama nilivyozoea, nikaweka mikono shingoni bila kusema neno. Alipiga yowe akarukia mlangoni. Alipotulia akaufungua mtandio mwenyewe, na alama za vidole zilikuwepo, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Koo lilikuwa linauma kwa sababu lilikuwa limekabwa. Tuliongea kwa muda mrefu, fomu ya polisi ya PF3 ikatafutwa, dawati la jinsia la polisi likapigiwa simu, na sehemu yake nyingine ni yake mwenyewe kuisimulia. Tangu siku hiyo sigusi shingo ya mtu kutoka nyuma bila kumwambia kwanza: "Nitasimama nyuma yako, nitakushika hapa na hapa, ukitaka niache sema." Kwa wazee naomba ruhusa hata ya kugusa kichwa. Kwa wanaojifunika namwacha mwenyewe afungue.

Rovu nimelikuta zaidi nilipofanya kazi Nyanda za Juu Kusini, kabla ya kuhamia ziwani. Huko bibi na bibi wa jirani wanaweza kukaa kwenye benchi moja na wote wana uvimbe mbele ya shingo, na hawakuja kwa ajili hiyo hata kidogo. Wamekuja kwa miguu kuuma. Ni wa enzi za kabla chumvi yenye madini joto haijafika kila duka. Unampa kikombe cha maji, unamwambia ameze, unatazama: kinachopanda akimeza ni cha tezi inayovimba kuwa rovu. Wajukuu zao shingo zao ni nyembamba.

Uso nao una mambo yake, nitasema moja. Fundi cherehani aliamka mdomo umevutwa upande, jicho la upande wa pili halifungi, na ndugu wakawa wameshakubaliana kwamba ni jini. Nilimwomba anyanyue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Upande mbovu wa paji ukabaki umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Hapo nikapumua. Paji likilala pamoja na mdomo, tatizo kwa kawaida ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe. Likiendelea kukunjamana huku mdomo umelala, wasiwasi ni kiharusi. Nilimwanzishia predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa, siku ileile, maana faida yake ni kubwa ikianza ndani ya siku tatu za mwanzo, na nikamfundisha kulifunga jicho usiku kwa plasta lisikauke. Jini liliondoka baada ya wiki sita.

Sasa nifike kwa mtoto wa taya.

Alikuwa na miaka sita. Baba yake alimleta kwa jino. Walikuwa wameshang'oa mawili kwa uzi nyumbani kwa sababu yalikuwa yanacheza, na la tatu lilikuwa linakaribia kudondoka lenyewe. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa. Ukimwangalia kwa haraka ungesema jino limeoza, limetunga usaha, apewe amoksilini aende. Nilikuwa na kalamu mkononi tayari, nikaiweka chini.

Nilimfungua mdomo. Meno yalikuwa meupe, mazima, hakuna tundu hata moja, na yalikuwa yanaelea kwenye fizi kama vigingi kwenye tope. Meno mazima hayachezi bila sababu, na kama ni ya utoto kubadilika, huanza ya mbele, si magego ya upande mmoja. Nilishika taya kwa nje: gumu la kati, halina joto, mtoto hajali. Nikamuuliza baba lilianza lini. "Wiki mbili. Wiki iliyopita lilikuwa nusu ya hapa." Nikamlaza nikashika tumbo, nikakuta donge jingine upande wa figo.

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, na historia yake iko jirani tu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto wa kiume wa miaka mitano ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye alikuwa kwenye hospitali ya Jinja, akatazama nje dirishani, akaona mtoto mwingine ana uso uleule. Alipompima akakuta na tumboni kuna uvimbe. Ndipo akaanza kuchimba majalada ya zamani, akagundua kwamba watoto hao walikuwepo siku zote, ila kila mmoja aliandikiwa jina tofauti na daktari tofauti. Mwaka 1958 akachapisha. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari chakavu wakasafiri yapata kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wa mataya. Ramani waliyoitoa ilifuata joto na mvua, ilifuata mahali malaria ilipo. Sampuli zilizopelekwa London kwa ndege ndizo zilizowawezesha watafiti Epstein, Achong na Barr mwaka 1964 kuona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Ninachokipenda kwenye habari hiyo ni dirisha. Hakuwa na mashine. Alitazama nje.

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo "rudi wiki ijayo" ni neno la hatari. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya iyeyuke haraka ikikutana na dawa. Baba hakuwa na fedha za kusafiri siku ile. Mzee wetu, aliyekuwa anastaafu mwezi huo, alizunguka na kofia chumba kwa chumba, mpaka mlinzi akatoa elfu mbili. Waliondoka na basi la saa kumi na moja alfajiri kwenda hospitali ya rufaa. Nilimpa baba barua, na nikaandika namba yangu nyuma yake, na kwenye sehemu ya kichwa na shingo nilijaza mistari tisa.

Huko alichukuliwa kinyama, akaanza dripu za dawa za saratani. Wiki ya pili baba alinitumia picha. Shavu limeshuka, mtoto ameshika soda na upara unang'aa.

Alirudi kwetu mwaka uliofuata, siku ya kawaida ya foleni hadi mwembeni. Nywele zimeota, amerefuka, magego mawili mapya yamechomoza. Baba alisema tangu jana ana homa na tumbo linamuuma. Nilianza na taya. Kushoto, kulia, chini ya kidevu, nikashuka na shingo hadi juu ya mtulinga.

"Dokta," mtoto akasema, "mimi naumwa tumbo."

"Nimesikia. Nakuja huko."

Nilishika tumbo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka, pande zote mbili za figo, nikapitia wengu, nikarudia. Lilikuwa laini. Nikamchoma kidole nikaweka tone la damu kwenye kipimo, tukakaa mimi na baba tukikitazama kwa dakika kumi na tano. Ilitoka mistari miwili. Malaria. Baba alishusha pumzi akasema, "Alhamdulilahi," na mtoto akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili.